Saa 8:00 ya programu na saa nane ya Amu

Mwana wa Langoni (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanajamvi. Uzi ni mrefu kwa sababu jambo lenyewe limenikaa moyoni mwezi mzima, na nataka wanaoandika programu na wanaozitumia walisome pamoja.

Niko Lamu mjini, au Amu kama tunavyouita wenyewe, mtaa wa Langoni. Natengeneza simu na kompyuta, na kwa miaka kadhaa sasa naandika programu ndogondogo za watu wa hapa: ya duka, ya nyumba ya wageni, ya madrasa kuweka hesabu ya ada. Mwaka huu manahodha wachache wanaovusha watu kutoka mjini na Shela kwenda uwanja wa ndege wa Manda na gati la Mokowe waliniomba programu ya oda. Mteja anaandika jina, idadi ya abiria, siku na saa. Nahodha anapata ujumbe kwenye simu. Niliiandika kwa Kiingereza kwanza, tukaijaribu, ikaenda vizuri. Kisha nikaitafsiri, maana manahodha wenyewe walitaka Kiswahili. Kosa liliingia hapo.

Familia moja ilikuwa Shela, watu watano, na ndege yao saa tatu na nusu asubuhi. Wakataka boti ya saa mbili, wakachagua 08:00 kwenye fomu. Programu ikamtumia nahodha ujumbe huu, nauweka kama ulivyokuwa: "Oda mpya. Abiria 5. Shela kwenda Manda. Siku: kesho. Saa ya safari: saa 8:00."

Nahodha ni mtu mzima, ameanza kuvusha watu tangu enzi za tanga. Akasoma saa nane. Alfajiri akatoka zake kuvua akijua ana nafasi mpaka adhuhuri. Saa mbili ile familia imekaa ufukweni na mabegi, watoto wamevaa viatu tayari, na simu ya nahodha haishiki kwa sababu yuko mbali baharini. Wakapata boti nyingine kwa taabu, wakafika Manda ndege imeshafunga mlango. Saa nane kasorobo nahodha akafika Shela, boti imeoshwa, mito imetandikwa, hakuna mtu.

Jioni ile nilimfuata Mkunguni kumwomba radhi. Akatoa simu, akaweka kidole chini ya mstari. "Soma wewe mwanangu. Pameandikwa saa ngapi?" Nikasoma kwa sauti yangu mwenyewe: saa nane. Akarudisha simu mfukoni. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa angalieni. Mzee huyohuyo akitazama saa ya simu yake, ikiwa 8:00 asubuhi, atakwambia saa mbili bila kufikiri. Sote tunafanya hivyo. Macho yanaona nane, mdomo unasema mbili. Kilichomgeuza ni lile neno "saa" nililolitanguliza. Tarakimu peke yake ni ya kizungu, tunaigeuza wenyewe kichwani. Ukishaiandikia "saa" mbele, umemwambia msomaji kwamba imeshageuzwa. Mimi nilitafsiri neno nikaiacha hesabu, nikatoa sentensi ya Kiswahili safi kabisa yenye uongo ndani yake.

Na hesabu yetu ina sababu. Lamu iko kama digrii mbili tu kusini mwa Ikweta. Jua letu linatoka karibu wakati uleule mwaka mzima, tofauti haizidi kama nusu saa. Mtu wa hapa akaanza kuhesabu pale jua linapotoka: saa moja ni saa ya kwanza ya mwangaza, na saa kumi na mbili ni pale linapokuchwa. Waliohesabu kuanzia katikati ya usiku wa manane ni watu wengine, na programu karibu zote zimeandikwa juu ya hesabu yao. Hata ukiweka simu kwa Kiswahili, majina ya siku na miezi yanabadilika, ila saa inabaki ileile.

Nimekuwa nikikusanya mambo ya namna hii. Mfanyabiashara mmoja wa samaki aliniletea simu akidhani ina virusi. Alimwandikia mwenzake wa Malindi "Tuma samaki". Simu ikaona "tuma" si neno inalolijua, ikaligeuza "tuna". Ujumbe ukaenda: "Tuna samaki." Mwenzake akafurahi, akasubiri samaki waletwe, huku naye anasubiri samaki watumwe. Siku mbili barafu inayeyuka pande zote mbili. Herufi moja imegeuza ombi kuwa ahadi, na yote ni maneno halali ya Kiswahili, kwa hiyo hakuna aliyeshuku.

Sitaki kuanza habari ya programu kujisasisha zenyewe na kumaliza bando usiku mtu amelala. Hilo kila mmoja wenu analijua.

Swali langu kwenu: ni wapi programu imekuona wewe ndiye mwenye makosa, na ukweli aliyeiandika hakuuliza?

Bucha wa Mokowe

Umenikumbusha kaka. Mimi nilikuwa na programu ya kuweka hesabu ya mifugo ninayonunua upande wa Witu. Mbuzi inaandika. Kondoo inaandika. Ng'ombe inakataa, skrini inakuwa nyeupe. Nikaandika "ngombe" bila kile kialama, ikakubali. Nikaona mimi ndiye sijui kuandika, nikaacha kialama mpaka leo. Kwenye madaftari yangu yote sasa ni "ngombe". Ni kwa nini hasa?

Mwana wa Langoni

Ami, wewe unajua kuandika vizuri kabisa, kosa ni la aliyeiandika programu. Hifadhidata nyingi, yaani pale programu inapoweka kumbukumbu zake, huulizwa kwa lugha inayoitwa SQL, na katika lugha hiyo maneno ya mtumiaji hufungwa katikati ya ritifaa mbili, kialama kilekile cha ng'. Kwa hiyo mwandishi mvivu akichukua neno lako na kulibandika tu ndani ya amri, hifadhidata inaona: neno limeanza, "ng", neno limekwisha. Halafu inakutana na "ombe" iliyobaki nje, haijui ni amri gani, inakufa.

Ukubwa wa kosa hili hauishii kwenye ng'ombe. Ikiwa ritifaa yako inaweza kulifunga neno kabla ya wakati, basi mtu mwenye nia mbaya anaweza kulifunga neno kisha akaandika amri yake hapo nje, mathalani ya kufuta madeni yote au kusoma namba za wateja wako. Ni njia ya wizi ya zamani sana na bado inatumika. Dawa yake nayo ni ya zamani: amri inapelekwa peke yake, maneno ya mtumiaji yanapelekwa kando kama mzigo, na hifadhidata haiyasomi kamwe kama amri. Aliyekuandikia hakuifanya. Programu iliyokataa ng'ombe wako ilikuwa inakuonyesha mlango ulio wazi.

Kina Ng'ang'a na kina Ng'eno wa bara wanakutana na hili kila wanapojaza fomu, wanaambiwa jina lao "si sahihi". Jina alilopewa mtu na wazazi wake! Niletee hiyo programu, au hata hayo madaftari yake tu, nikuhamishie. Na urudishe ritifaa yako.

Mwanafunzi Malindi

Mimi nasoma programu chuoni hapa Malindi, nina swali la kweli. Nimeandika kalenda ya oda za hoteli kwa lugha ya JavaScript. Nikaweka mwezi wa 3, ikatoa Aprili. Nimekesha usiku mzima. Mwalimu akaniambia "miezi inaanza sufuri" akaondoka. Kwa nini?

Mwana wa Langoni

Mdogo wangu, pole, nimekesha usiku kama huo. JavaScript iliandikwa na Brendan Eich mwaka 1995, na toleo la kwanza alilitoa kwa muda wa siku kumi, mwezi wa tano. Sehemu ya tarehe ilifuata ile ya lugha nyingine, Java, na Java nayo ilifuata desturi ya lugha ya C, ambako mwezi ulihesabiwa 0 mpaka 11 ili utumike moja kwa moja kuchukua jina kwenye orodha ya majina: la sufuri ni January, la kwanza ni February. Kwa mtu anayeita miezi kwa majina ya Kirumi hilo halimuumizi sana, namba imejificha ndani. Sisi miezi yetu *ni* namba. Mwezi wa tatu ni wa tatu. Ukimwambia mtu wa pwani kwamba mwezi wa tatu unaandikwa mbili, umemgusa kwenye jina lenyewe.

Na siku za wiki ndiyo kabisa. JavaScript inaanza Jumapili kwa 0. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinaanza Jumatatu kwa 1. Sisi tunaanza Jumamosi, imo ndani ya neno: mosi. Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, na kadhalika mpaka Jumatano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano tena, kwa kuwa Waarabu walianza Jumapili. Yaani ndani ya wiki yetu wenyewe mna hesabu mbili zimelala kitanda kimoja na hazijagombana. Kila ninapoandika kalenda natumia jina la siku, sitegemei namba. Na wewe fanya hivyo, na mwezi unaoingizwa uupunguze moja mahali pamoja tu kwenye programu, usiupunguze huku na huku ukasahau wapi umepunguza.

Mpwani wa Kisasa

Nisamehe kaka, nakupinga. Dunia nzima inatumia saa 24. Ndege za Manda zinatumia saa 24. Badala ya kuipinda programu kwa ajili ya wazee wachache, wafundishe wazee. Ni somo la dakika kumi. Tukiendekeza hivi tutabaki nyuma.

Mwana wa Langoni

Hoja yako naiheshimu na nimeifikiria usiku mwingi. Ndani ya programu mimi pia nimo kwenye hesabu ya dunia. Wakati unawekwa kama sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita kamili usiku kwa saa ya Greenwich, ambapo hapa kwetu ilikuwa saa tisa za usiku, maana tuko saa tatu mbele. Ndiyo sababu oda isiyo na tarehe hukutolea "1 Januari 1970, 03:00" kana kwamba kuna mtu alitaka boti usiku huo. Hapo sina ugomvi. Kompyuta na ihesabu inavyotaka.

Ugomvi wangu ni pale programu inapofungua mdomo kusema na mtu. Yule mzee hakukosea kitu. Anajua saa mbili, zote mbili, na anazigeuza kichwani mara hamsini kwa siku tangu utotoni. Asiyejua saa mbili ni programu. Sasa nani apelekwe darasani?

Na kugeuza kwenyewe ni hesabu ya mstari mmoja. Chukua saa ya kizungu, ongeza sita, gawa kwa kumi na mbili, shika baki. Baki ikiwa sufuri andika kumi na mbili. Nane na sita kumi na nne, baki mbili. Kumi na nne na sita ishirini, baki nane. Basi. Dakika tano za kazi, na mimi nilizinyima.

Kazi ya kweli ilikuwa neno linalofuata: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Nilidhani nitaandika mistari minne. Nikaenda kukaa gatini siku tatu nikiuliza. Saa tano ni asubuhi au mchana? Wavuvi wakasema mchana, kwao asubuhi imekwisha zamani. Wenye maduka wakasema asubuhi. Saa kumi, wengine alasiri, wengine jioni. Nimeishia kuandika saa zote mbili pamoja: "saa 2 asubuhi (08:00)". Ujumbe umekuwa mrefu kidogo, na tangu hapo hakuna aliyekosa boti.

Mwalimu Mstaafu, Mkomani

Mwanangu, umesema vizuri, lakini hujafika kwenye siku. Je, programu yako siku inaanza lini?

Mtu akikwambia "arusi ni usiku wa Ijumaa", kwetu huo ni usiku unaotangulia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishakuchwa. Siku inaanza magharibi. Mwezi ukiandama magharibi, mwezi mpya umeingia saa ileile. Vijana wa leo wakisema "Ijumaa usiku" wanakusudia usiku wa baada ya Ijumaa. Maneno yaleyale mawili, ukiyapindua unahama usiku mzima. Mwaka mmoja wakati wa Maulidi, mwezi wa mfunguo sita, nimeona wageni wamefika siku ya pili wakakuta watu wanakunja mikeka. Kwenye karatasi yao tarehe ilikuwa sahihi.

Mwana wa Langoni

Shikamoo mwalimu. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Sikuwa nimeliweka kabisa. Programu yangu siku inageuka saa sita usiku kama zote. Leo hii nimekwenda kubadilisha: oda yoyote ya baada ya magharibi sasa inaandika siku zote mbili, "Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa 3 usiku". Maneno hayo yako kwenye Kiswahili siku zote, sikulazimika kubuni chochote. Nilipaswa kuyasikiliza tu.

Mngomeni

Niongeze la kwetu huku upande wa Malindi. Mkitaja 1970, mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini hapa Ngomeni. Ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutazama miale ya eksirei ya mbinguni. Marehemu baba alikuwa akituhadithia namna watu walivyokuwa wakisimama ufukweni kutazama moto ukipanda. Nasikia fahari kwamba kazi ya hesabu nzito kiasi hicho ilianzia kwenye maji tunayovulia.

Mwana wa Langoni

Ahsante sana Mngomeni. Na kuna deni la mwaka ule 1970 ambalo bado halijalipwa. Mashine za zamani ziliziweka zile sekunde katika nafasi ya biti 32, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Nafasi itajaa tarehe 19 Januari 2038, siku ya Jumanne. Kwa saa yetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Mashine ambayo haijarekebishwa, sekunde inayofuata itaruka nyuma mpaka Desemba 1901. Kompyuta mpya zimeshapanuliwa nafasi. Ninazozihofia ni zile ndogo zilizofungwa ndani ya mita, pampu na vyombo, ambazo hakuna anayekumbuka kwamba mna programu ndani.

Binti Nahodha, Shela

Kaka, mimi ni binti wa mmoja wa hao manahodha. Baba anasema ujumbe sasa unasomeka, ahsante. Ila anauliza habari ya safari za Pate. Programu inamlazimisha aweke saa, na yeye hana saa ya kuweka.

Mwana wa Langoni

Dada, nilizungumza na baba yako jana na sijalala vizuri. Kwa wasiojua: boti za kwenda Pate na Faza hupita Mkanda, ule mfereji wa mikoko kati ya Manda na bara. Maji yakipwa, boti haipiti. Kwa hiyo boti inaondoka na maji, na maji kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mimi nilikuwa nimeweka kitufe cha "rudia kila siku saa ileile". Baba yako alikitazama kwa muda, akasema, "Hii bahari ya wapi?"

Nimekiondoa. Nimeweka mahali pa kuchagua "na maji", na chini yake nahodha anaandika kwa maneno yake: maji yakianza kujaa, maji yakijaa kabisa. Abiria anaona maneno hayo, na saa ya kukisia inatokana na jedwali la maji la siku hiyo. Bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo tu, bado sijaviweka sawa, nitarudi kwake wiki hii.

Nina swali moja limebaki, na nataka watu wa Pate na Faza wanijibu. Boti ikiondoka saa kumi na nusu za usiku, nyinyi mnaiita usiku au alfajiri?

Mfaza

Huku inategemea adhana. Kabla ya adhana ya alfajiri ni usiku. Ikishaadhiniwa ni alfajiri, hata kama bado giza. Na adhana inasogea na mwaka, kwa hiyo saa kumi na nusu siku zote ni usiku, lakini saa kumi na moja siku nyingine ni usiku na siku nyingine ni alfajiri.

Mwana wa Langoni

Basi mpaka wa neno hilo hauwezi kuwa saa iliyogandishwa. Wakati wa adhana unatokana na pembe ya jua chini ya upeo wa macho, na hesabu hiyo ninayo tayari kwenye ile programu ya madrasa. Leo usiku naiunganisha. Kesho asubuhi niko gatini na simu ya majaribio. Wa Faza watakaoshuka hapo, tafadhali nisomeeni ujumbe kwa sauti kabla hamjapanda punda.